Maswali ya Wasomaji: Maji Magumu ya Kisima na Mashine ya Kuyalainisha

SWALI: Ndugu Mhariri, Assalamu alaykum. Ninaandika kutoka Barani, Malindi, ambako tunaishi watu sita katika nyumba yenye kisima chake uani. Maji ya mfereji tunayo, lakini hayaji kila siku, na kwa hivyo kisima ndicho tegemeo letu. Shida ni kwamba sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zimegeuka kijivu, na hita yetu ya lita 80 imeunguza chuma chake cha kupashia moto mara mbili katika miaka miwili. Fundi alipoifungua alitoa magamba meupe yaliyojaa nusu ndoo. Kaka yangu alinishauri nipeleke maji maabara kwanza, na majibu ni haya: ugumu miligramu 400 kwa lita, kloridi 180, sodiamu 110, chuma 0.1, na jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka 850. Wauzaji watatu wamekwisha kunijia. Wa kwanza ana mashine kubwa yenye lita 25 za resini (shanga ndogo zinazoshika ugumu wa maji), inayojiosha kwa kufuata saa. Wa pili ana ndogo ya lita 10 yenye mita. Wa tatu ana kifaa cha sumaku kinachofungwa nje ya bomba, naye anasema hakihitaji chumvi wala umeme. Ninunue ipi? Na je, maji yakishalainishwa yatanyweka?
Mama wa nyumba, Barani, Malindi

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yetu. Kaka yako amekuokolea fedha kabla hujatoa hata shilingi moja, kwa sababu wengi wanaotuandikia kuhusu jambo hili hawana karatasi ya maabara, na bila karatasi hiyo mtu hununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Sisi wa pwani tuna jina moja, maji ya chumvi, tunalolitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka majini; hizo ndizo zinazoishika sabuni isitoe povu na zinazoganda kuwa ukoko ndani ya hita. La pili ni chumvi hasa, ile ya bahari, ambayo ulimi huijua mara moja. Mashine ya kulainisha maji huondoa la kwanza tu. Mtu ambaye kisima chake kina ladha ya bahari akiinunua kwa kutumaini kupata maji matamu, atapata maji yenye chumvi ileile, ila sasa yanatoa povu zuri.

Ugumu wa kisima chako haushangazi. Mji wa Malindi, kama sehemu kubwa ya pwani yetu, umekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, na mawe hayo ni kitu kilekile ambacho wazee walikichoma kwenye tanuri wakapata chokaa ya kujengea. Maji ya mvua yanapopenya udongoni huchukua hewa ya kaboni dioksidi, yakawa na ukali kidogo, kisha yakayeyusha mawe hayo polepole hadi yakafika kisimani yakiwa yamebeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Ukiyachemsha, hewa ile hutoka na sehemu kubwa ya chokaa hurudi kuwa jiwe, na ndiyo maana magamba uliyoyaona yalikuwa ndani ya hita, wala si ndani ya mabomba ya maji baridi. Kwa kawaida maji yenye ugumu wa zaidi ya miligramu 180 kwa lita huitwa magumu sana, na yako yamepita mara mbili ya kiwango hicho. Kloridi yako, kwa upande mwingine, iko chini ya 250, kiwango ambacho kwa kadiri yake watu wengi huanza kuionja chumvi, na chuma chako ni kidogo kiasi cha kutoichafua resini. Kwa ufupi, shida yako ni ugumu, na mashine ya kulainisha inakufaa.

Hata hivyo, kipime kisima tena wakati wa kiangazi. Karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi kwa sababu ni mepesi zaidi, na kanuni inayotumika ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Ndiyo maana kuvuta maji kwa pampu kubwa mpaka yashuke kidogo tu huyaruhusu maji ya bahari kupanda sana. Maji ya bahari yana ugumu wa zaidi ya miligramu 6,000 kwa lita, kwa hivyo hata mchanganyiko mdogo huongeza ugumu na chumvi kwa pamoja. Kisima kikionyesha kloridi inayopanda mwaka hadi mwaka, fedha za mashine ni heri ziwekwe kwenye pampu ndogo inayovuta polepole kwa muda mrefu.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Ndani ya tangi kuna shanga ndogo sana za resini zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, shanga hushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Shanga zikijaa, mashine huzisuuza kwa maji ya chumvi nyingi kutoka kwenye pipa la pembeni, kalsiamu ikafukuzwa na kumwagwa nje, na kazi ikaanza upya. Kwa hiyo hakuna kilichopotea bure: umeondoa chokaa, umeweka sodiamu. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa, takriban miligramu 46 za sodiamu huingia. Kwako wewe, 400 zikiondolewa zote zitaingiza kama 184, na ukijumlisha na 110 zilizokuwamo, utafika karibu 294 kwa lita. Watu wengi huanza kuionja sodiamu inapofika 200, na mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi hana sababu ya kuinywa kwenye maji. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya, yaani ugumu wenyewe haudhuru mnywaji. Jibu langu la swali lako la mwisho, basi, ni kwamba bomba la jikoni la kunywea liachwe bila kulainishwa, na maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasikorogwe kwa maji yaliyolainishwa. Suala la vijidudu ni jingine kabisa, kwani mashine hii haiui chochote. Kama mnachemsha maji ya kunywa, endeleeni kuchemsha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wote watatu, kwa kuwa kila mmoja anataka kulainisha nyumba nzima. Choo hakihitaji maji laini, bustani inayachukia, na jikoni tumekwisha kupatoa. Kinachohitaji ni hita, bafu na mashine ya kufulia. Kwa watu sita nakadiria lita 300 kwa siku kwa matumizi hayo, na lita 300 zenye ugumu wa miligramu 400 zina gramu 120 za ugumu wa kuondoa kila siku. Lita 1 ya resini ikisuuzwa kwa takriban gramu 100 za chumvi huondoa karibu gramu 48. Kwa hiyo mashine ya lita 10 itaondoa gramu 480, nazo ni siku 4 za matumizi yenu, kwa kilo 1 ya chumvi kila mara, au kilo 7 na nusu kwa mwezi. Mashine kubwa ya lita 25 ingekaa siku 10 bila kujisuuza, na katika joto letu sipendi resini ilale na maji muda mrefu hivyo, kwa kuwa vijidudu huanza kuzaliana humo. Ndogo inatosha.

Usishangae muuzaji akikwambia kwamba mashine hiyo ya lita 10 ina uwezo wa gramu 700. Hasemi uongo, lakini hasemi yote. Uwezo huo hupatikana resini inaposuuzwa kwa chumvi nyingi sana, karibu gramu 240 kwa lita, yaani kilo 2.4 kwa mara moja. Ukigawanya, utaona kwamba kila gramu 100 za ugumu zitakugharimu gramu 343 za chumvi badala ya 208. Mwombe fundi aweke kipimo cha chini.

Kuhusu saa na mita, chagua mita. Mashine ya saa hujisuuza siku iliyopangiwa hata kama mlikuwa safarini, na umeme ukikatika saa yake hurudi nyuma. Ya mita huhesabu lita zilizopita, na hujisuuza pale tu inapohitaji. Lakini kuna mtego mmoja: nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa kujisuuza saa 8 za usiku, wakati ambapo watu wa huko zilikotengenezwa wana maji yenye msukumo kwenye mabomba usiku kucha. Wewe pampu yako imelala saa hiyo. Mashine itafungua vali zake, haitapata maji, na asubuhi mtaamka na resini chafu na pipa la chumvi ambalo halikuguswa. Ipangiwe saa 4 za asubuhi, na mtu awashe pampu kwa saa 1 na nusu.

Jambo la msukumo ndilo linaloharibu kazi nyingi mjini kwetu, kwa hivyo nisamehe nikilirefusha. Mashine hizi huhitaji msukumo unaolingana na kimo cha mita 15 hadi 20 za maji. Tangi lililo juu ya dari, mita 3 au 4 juu ya bafu, haliwezi kuisukuma. Maji yatatoka kwa kudondoka, na usuuzaji hautafanyika kabisa, kwa sababu chumvi hufyonzwa kwa nguvu ya maji yanayopita kwa kasi. Mimi ningeweka tangi la pili dogo juu ya dari, la lita 500, kwa ajili ya hita, bafu na ufuaji peke yake, kisha mashine ikakaa chini, baina ya pampu ya kisima na tangi hilo. Angalia tu kasi: lita 10 za resini zisipitishiwe zaidi ya lita 400 kwa saa, na pampu za visima huzidi hapo kwa mbali. Fundi akaze vali ya kupunguza maji upande wa kuelekea tangini, na tangi litajaa kwa saa 1 na robo. Kabla ya mashine pawepo chujio la kuzuia mchanga. Hilo ni la bei ndogo, na bila yake visima vyetu huziba vali upesi.

Chumvi haiko mbali nawe. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yako kaskazini mwa Malindi, na chumvi yake ya mawe inafaa mradi iwe imeoshwa. Ile mbichi yenye matope ni rahisi, lakini tope lake hutuama chini ya pipa na kuziba kitundu cha kufyonzea. Chumvi laini ya mezani nayo hugandamana kama uji uliolala.

Nimemwacha muuzaji wa sumaku mwisho kwa makusudi. Kifaa chake hakitoi wala kuingiza kitu chochote majini, na kwa hivyo ugumu baada yake ni uleule. Wapo waliofanya majaribio wakaona kwamba chembe za chokaa hubadilika umbo, na wapo waliorudia wasione kitu. Sabuni, hata hivyo, haijali umbo. Mwombe akuachie kwa mwezi mmoja bila malipo, na upime kwa dawa ya matone, ile inayobadilisha rangi ya maji kutoka nyekundu ya zambarau hadi buluu ugumu unapokwisha kushikwa wote. Ukihesabu matone kabla na baada, hutahitaji ushauri wangu. Wanaohudumia mabwawa ya kuogelea ya hoteli huwa nayo.

Na jihadhari na maonyesho ya sebuleni. Kuna muuzaji aliyenijia mimi mwenyewe akatumbukiza vyuma viwili vyenye umeme katika gilasi ya maji yangu, yakageuka kahawia mazito ya kutisha, huku gilasi ya maji yake ikibaki safi. Ile rangi ilikuwa kutu ya vyuma vyake. Maji yangu yalikuwa na madini ya kupitisha umeme, yake hayakuwa nayo, basi. Wengine huja na kalamu ya kupimia jumla ya chumvi zilizoyeyuka, nayo haisemi lolote kuhusu ugumu. Baada ya kulainisha vizuri kabisa, kalamu itaonyesha karibu namba ileile, kwa kuwa sodiamu imechukua nafasi ya kalsiamu. Usije ukamrudisha fundi kwa sababu hiyo.

Maji machafu ya kusuuzia yasimwagwe bustanini. Mnazi utavumilia, mgomba hautavumilia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu, katika nyumba ya kale ya mawe. Kisima chetu kimo ndani ya nyumba, na maji yake ni magumu ingawa hayana chumvi nyingi. Jamaa wa Mombasa wananihimiza nifunge mashine ya kulainisha. Bafuni tuna birika la zamani lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Je, mashine itawadhuru?
Mzee wa Langoni, Lamu

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Wasomaji wa bara watusamehe: birika alitajalo mzee si la chai, bali ni lile tangi la kujengwa bafuni kwa mawe na chokaa.

Samaki hawanishughulishi sana, mradi maji ya kusuuzia yasiingie birikani. Linalonishughulisha ni mahali yatakapokwenda. Mashine ndogo kama ile niliyomwelekeza dada wa Barani hutumia karibu kilo 90 za chumvi kwa mwaka, na chumvi hiyo yote, pamoja na chokaa iliyotolewa, hutoka kwa bomba la taka. Katika mji wa kale wa Lamu, nyumba zimebanana, na shimo la choo cha nyumba moja liko hatua chache tu kutoka kisima cha nyumba nyingine, wakati mwingine kutoka kisima cha nyumba hiyohiyo. Chumvi haichujwi na mchanga wala udongo. Utaimwaga shimoni leo, na baada ya muda utaivuta kisimani, wewe au jirani yako. Kwa nyumba kama yako sishauri mashine.

Mvua ni laini kwa asili, kwa sababu haijagusa jiwe. Wenzetu wa visiwa vya jirani wameivuna katika majabia, yaani matangi ya kujengwa ya kuhifadhia maji ya mvua, tangu zamani, na dari lako linaweza kufanya kazi hiyo kwa kiasi chake. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya dari la mita 60 za mraba huleta lita 600, na hata zikipotea lita 120 kwa kuloweka dari na kuosha vumbi la mwanzo, utabaki na 480. Masika yana siku nyingi za namna hiyo. Maji hayo yatumike kwa kufulia, kwa kuoshea nywele na kwa chungu cha mbaazi, kwani kalsiamu hukaza maganda ya mbaazi na kunde na kuzichelewesha kuiva, jambo ambalo mabibi zetu walilijua bila maabara. Kama dari limeezekwa kwa makuti, maji yatatoka na rangi ya chai na hayatafaa nguo nyeupe; upande wa chokaa au wa mabati ndio wa kuvunia. Pipa lifunikwe kwa wavu, au wape samaki wako kazi ya pili.

Kama nyumbani kuna hita, ipunguzwe moto hadi nyuzi 60, kwa kuwa ukoko huongezeka haraka kadiri joto linavyopanda, na ifunguliwe kusafishwa kila mwaka kabla chuma hakijafunikwa.

SWALI: Je, ukoko mweupe wa ndani ya birika la umeme la chai unaondolewaje bila kununua dawa? Nimeukwangua kwa kisu na nimelikwaruza.
Msomaji, Malindi

JIBU: Kisu kiache. Tia siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa mpaka ukoko ufunikwe, chemsha, zima, acha nusu saa, kisha mwaga na usuuze mara mbili. Ndimu nne au tano zilizokamuliwa ndani ya maji hufanya kazi ileile, na harufu yake haichukizi. Povu utakaloliona ni hewa ileile ya kaboni dioksidi inayotoka chokaa inapoyeyuka. Usichanganye siki wala ndimu na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Maji hayo pia yasimwagwe juu ya sakafu au ukuta uliosakafiwa kwa chokaa: siki haitofautishi ukoko wa birika na lipu ya nyumba, na itakula vyote viwili.